Mfungwa na Mtandao: Mlango Upi Unafunguliwa, Upi Unabaki Umefungwa

Mtu anapotiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi na kupelekwa gerezani, siku za rufaa huanza kuhesabika mara moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, anazo siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda unaotumika kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Ndani ya siku hizo anatakiwa kuelewa kifungu alichotiwa nacho hatiani kinasema nini, mahakama za juu zimekitafsiri vipi, na ni hoja gani inayoweza kusikilizwa katika rufaa.

Miaka 30 iliyopita maarifa hayo yalikuwa katika vitabu na katika vichwa vya mawakili. Leo sehemu kubwa imehamia kwenye mtandao. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure katika tovuti ya TanzLII inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Tangu kutungwa kwa kanuni za usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki mwaka 2018, hata safari ya jalada kutoka kwa wakili hadi mahakamani inazidi kupita kwenye kompyuta. Mwananchi aliye nje hufungua simu janja yake na kusoma. Aliye ndani hana simu, na hatakiwi kuwa nayo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wananchi wengi, hasa wenye ndugu magerezani, wamekuwa wakijiuliza: je, mfungwa ana haki ya kutumia intaneti? Jibu fupi ni kwamba hakuna haki ya jumla ya namna hiyo, hapa nchini wala katika sheria za kimataifa. Jibu kamili ni refu kidogo, kwa sababu zipo haki ambazo mfungwa hazipotezi anapoingia gerezani, na baadhi ya haki hizo sasa zinapita kwenye mtandao. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Kifungo kinaondoa nini

Adhabu ya kifungo humwondolea mtu uhuru wa kwenda atakako. Haimwondolei utu wake wala kinga zote za sheria. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara hiyohiyo inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba ametenda kosa hilo. Jambo hili ni la msingi kwa sababu magerezani hawakai wafungwa peke yao. Wamo pia mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa na ambao mbele ya sheria bado hawana hatia.

Katika ngazi ya kimataifa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwezi Desemba 2015 Kanuni za Viwango vya Chini vya Kuwatendea Wafungwa, zinazojulikana kama Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya kiongozi huyo wa Afrika Kusini aliyekaa kifungoni kwa miaka 27. Kanuni hizo ni 122. Kanuni ya 3 inaeleza kwamba kumtenga mtu na ulimwengu wa nje ni mateso tosha, hivyo mfumo wa magereza haupaswi kuyaongeza pasipo sababu ya msingi inayohusu utengano huo au nidhamu. Kanuni ya 58 inataka mfungwa aruhusiwe, chini ya uangalizi unaohitajika, kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara: kwa barua, kwa kutembelewa na, pale vinapopatikana, kwa simu na vyombo vya kielektroniki na vya kidijitali.

Maneno mawili katika kanuni hiyo yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni "uangalizi". Kanuni haisemi mfungwa aachwe na simu mkononi. La pili ni "pale vinapopatikana". Kanuni inatambua kwamba nchi hazilingani kwa uwezo. Pamoja na hayo, imeshaweka wazi kwamba mawasiliano ya kidijitali ni miongoni mwa njia halali za mfungwa kubaki na uhusiano na watu wake.

Kwa nini simu haziruhusiwi

Sheria ya Magereza, Sura ya 58, ilitungwa mwaka 1967, miaka mingi kabla intaneti haijafika nchini. Hata hivyo, msingi wake kuhusu vitu vilivyokatazwa unafanya kazi hadi leo: kitu chochote kisichoidhinishwa hakiingii gerezani, na anayekiingiza bila idhini anatenda kosa, awe ndugu, mgeni, mtumishi au mfungwa mwenyewe. Simu ya mkononi na laini yake vimo katika kundi hilo.

Sababu za katazo hilo si za kinadharia. Simu iliyomo gerezani kwa siri inaweza kutumika kumtisha shahidi kabla hajapanda kizimbani. Inaweza kutumika kumsumbua mtu aliyetendewa kosa, ambaye alidhani kwamba baada ya hukumu angelala kwa amani. Inaweza kupanga utorokaji au kuendesha uhalifu kwa kuwatumia watu walio nje. Inaweza pia kutumika kwa utapeli wa fedha kwa ujumbe mfupi na simu, kosa ambalo mataifa mengi yamelikuta likitendwa kutoka ndani ya kuta za magereza.

Msichana aliyetoa ushahidi dhidi ya mtu aliyemdhuru ana haki ya kutoiona namba ya mtu huyo ikiita kwenye simu yake. Haki hiyo ina uzito sawa na haki ya mfungwa ya kukata rufaa. Kazi ya serikali ni kuzilinda zote mbili, na ndiyo maana mjadala kuhusu intaneti gerezani hauwezi kuwa wa kuruhusu kila kitu au kukataza kila kitu.

Mlango wa mahakama

Eneo ambalo mtandao umekwishaingia magerezani kwa nguvu nchini ni uendeshaji wa mashauri. Mwaka 2020, wakati dunia ikikabiliana na janga la UVIKO-19, Mahakama ya Tanzania iliongeza matumizi ya mkutano wa video ili mahabusu waweze kufikishwa mbele ya hakimu bila kusafirishwa. Mwaka 2021 zikatungwa kanuni mahususi kuhusu uendeshaji wa mashauri kwa njia ya mtandao na urekodi wa mienendo kwa njia ya kielektroniki. Utaratibu huo umezoeleka kwa jina la mahakama mtandao.

Namna unavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Hakimu au jaji huwa mahakamani. Mahabusu au mfungwa huwa katika chumba maalumu ndani ya gereza chenye skrini, kamera na kipaza sauti, chini ya ulinzi wa askari magereza. Wakili anaweza kuwa mahakamani au kuungana kutoka mahali pengine. Kila mmoja humwona na kumsikia mwenzake, na yanayosemwa huingia katika kumbukumbu za mahakama.

Manufaa yake yanaonekana zaidi pale kesi inapotajwa tu. Gari lisipopatikana au mafuta yasipotosha, mahabusu asiyefikishwa mahakamani huongezewa siku za kukaa ndani kwa kosa ambalo bado halijathibitishwa. Kiungo cha video kinaondoa kisingizio hicho, kinapunguza gharama za ulinzi barabarani na kumwezesha hakimu kumwona mtu ambaye shauri lake linaahirishwa.

Utaratibu huu unayo masharti yake. Mshtakiwa lazima asikie vizuri na aelewe kinachosemwa. Mtandao ukikatika, shauri linapaswa kusimama hadi urejee. Jambo zito zaidi ni faragha kati ya mshtakiwa na wakili wake. Kanuni ya 61 ya Kanuni za Nelson Mandela inaruhusu askari kuwaona mfungwa na mwanasheria wake wakizungumza, lakini si kuwasikia. Sharti hilo halifutwi kwa sababu mazungumzo yamehamia kwenye skrini.

Mlango wa sheria na taarifa

Swali la iwapo mfungwa anaweza kusoma tovuti fulani limefika mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mara kadhaa. Maamuzi yake hayazifungi nchi za Afrika, lakini hoja zilizojadiliwa huko zinasaidia kuona mpaka unapopita.

Katika shauri la Kalda dhidi ya Estonia, lililoamuliwa Januari 19, 2016, mfungwa wa kifungo cha maisha aliomba aruhusiwe kusoma tovuti tatu: ya Bunge la nchi hiyo, ya ofisi inayosimamia haki na uhalali wa sheria, na ya ofisi ya taarifa ya Baraza la Ulaya. Sheria ya Estonia ilikuwa tayari inawaruhusu wafungwa kusoma sheria na maamuzi ya mahakama kwa kompyuta zilizoandaliwa maalumu, kwa kuwa machapisho hayo yalikuwa yamehamia kwenye mtandao. Serikali ilikataa kuongeza tovuti hizo tatu kwa hoja za usalama na gharama.

Mahakama ilisema mambo mawili. Kwanza, nchi hailazimiki kumpa mfungwa intaneti kwa ujumla, na kifungo kwa asili yake huleta mipaka katika mawasiliano. Pili, kwa kuwa Estonia ilikwisha kuweka kompyuta na ulinzi wake, ilipaswa kuonyesha hatari halisi inayoletwa na tovuti hizo tatu, na haikuionyesha. Ikaamua kwamba haki ya kupokea taarifa ilikiukwa.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 17, 2017, mahakama hiyohiyo iliamua shauri la Jankovskis dhidi ya Lithuania. Mfungwa alikuwa ameandika barua wizarani kuuliza kuhusu masomo ya chuo kikuu. Akajibiwa kwamba taarifa alizozihitaji zipo kwenye tovuti. Uongozi wa gereza ukamkatalia kuifungua tovuti hiyo. Serikali ilimwelekeza kwenye mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mkono mwingine. Mahakama iliona kwamba hakuna aliyepima kwa dhati iwapo tovuti ya elimu ya serikali ingeleta madhara yoyote.

Shauri la tatu, Ramazan Demir dhidi ya Uturuki, liliamuliwa Februari 9, 2021. Lilimhusu wakili aliyekuwa mahabusu na aliyeomba kusoma tovuti za mahakama na gazeti rasmi la serikali ili aandae utetezi wake na wa wateja wake. Hapo pia mahakama ilikuta kwamba sababu zilizotolewa kumkatalia hazikutosha.

Fundisho la mashauri hayo matatu ni moja. Hoja ya usalama ni halali, lakini inapaswa kutajwa kwa jambo mahususi na kupimwa. Kusema "usalama" kwa tovuti ya Bunge na kwa mtandao wa kijamii kwa uzito uleule si kupima.

Kwa Tanzania, fundisho hilo linagusa suala la lugha pia. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kadiri sheria na hukumu zinavyopatikana kwa Kiswahili, ndivyo mfungwa wa kawaida anavyoweza kuzisoma na kuzielewa mwenyewe, mradi nakala zimfikie, iwe kwa karatasi au kwa skrini.

Mlango wa elimu na kazi

Kumrekebisha mfungwa ili arudi uraiani akiwa mtu wa manufaa ni jukumu la msingi la magereza. Elimu ni njia mojawapo, na Kanuni ya 104 ya Kanuni za Nelson Mandela inataka elimu ya wafungwa iunganishwe na mfumo wa elimu wa taifa, ili mtu atokapo aendelee na masomo bila shida.

Afrika Mashariki inayo mifano yake. Nchini Uganda, Susan Kigula, ambaye jina lake limebaki katika shauri lililoondoa ulazima wa adhabu ya kifo nchini humo mwaka 2009, alisomea sheria kwa masafa kupitia University of London akiwa katika Gereza la Luzira, na aliachiwa huru mwaka 2016. Nchini humo na nchini Kenya, wafungwa pamoja na askari magereza wamesoma sheria kupitia chuo hichohicho, kwa msaada wa shirika la Justice Defenders, lililoanza mwaka 2007 kwa jina la African Prisons Project. Baadhi yao wamewasaidia wafungwa wenzao kuandika hati za rufaa.

Masomo kwa masafa yaliwezekana zamani kwa vitabu vilivyoletwa kwa posta. Leo vyuo vingi huweka vitabu, mihadhara, maswali na matokeo kwenye mtandao. Mwanafunzi asiyeweza kuingia hata kwenye ukurasa wa chuo chake anabaki nyuma bila kujali bidii yake. Hii ndiyo sababu baadhi ya nchi zimetafuta njia ya kati. Nchini Ubelgiji, Gereza la Beveren lilianza mwaka 2014 kutumia mfumo wa ndani unaomwezesha mfungwa kufikia huduma kadhaa kwa skrini iliyo chumbani mwake bila kuwa kwenye intaneti huria. Nchini Finland, katika gereza la wanawake la Hämeenlinna, wafungwa hutumia vifaa vya chumbani kuwasiliana na watumishi, kuomba huduma za afya na kufungua tovuti chache zilizoidhinishwa.

Finland pia imejaribu kazi za mtandaoni. Mwaka 2019 baadhi ya wafungwa nchini humo walianza kusoma maandishi kwenye kompyuta na kuyawekea alama ili kufundisha programu za akili mnemba. Wapo walioipokea kama kazi ya kisasa isiyohitaji zana za hatari, na wapo waliohoji iwapo kazi ya kurudiarudia na yenye malipo madogo inamjengea mtu ujuzi wa kumsaidia atokapo. Hoja hiyo si ngeni. Ndiyo inayoulizwa kuhusu kazi yoyote ya gerezani, iwe shambani, kiwandani au kwenye kompyuta.

Mlango wa familia, na bei yake

Kwa familia iliyo mbali, kumtembelea mfungwa ni safari yenye gharama. Mama aliye Kigoma mwenye mtoto katika gereza la Dar es Salaam hupanga nauli kwa miezi kabla ya kuonana naye kwa dakika chache. Kwa mtu kama huyo, simu iliyoruhusiwa au mkutano wa video unaosimamiwa na gereza unaweza kubakiza uhusiano ambao ungekatika, na mfungwa aliyebaki na familia ana mahali pa kurudi siku anapotoka.

Mfano wa Marekani, hata hivyo, unaonyesha kwamba kuruhusu teknolojia hakutoshi bila kusimamia bei. Katika magereza ya serikali kuu ya nchi hiyo, wafungwa hawana intaneti, lakini wapo wanaotumia mfumo wa ujumbe wa kielektroniki unaoitwa TRULINCS, ambao ujumbe wake hupitiwa na uongozi. Simu za magereza na jela nyingi huendeshwa na kampuni binafsi, na kwa miaka mingi bei zake zilikuwa mzigo kwa familia maskini. Bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, aliyekuwa akilipia simu za mjukuu wake aliyefungwa, aliwasilisha ombi mwaka 2003 kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo akitaka bei zidhibitiwe. Alifariki dunia kabla ya kuona mwisho wake. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini mwezi Januari 2023, ikiipa mamlaka hiyo nguvu ya kusimamia bei za simu na za video. Kwa nchi zinazoanza sasa, ni rahisi zaidi kuweka masharti ya bei kabla ya mkataba kusainiwa kuliko baada yake.

Mlango uliodhibitiwa hufanyaje kazi

Wananchi wengi wakisikia "intaneti gerezani" hupata picha ya mfungwa akiwa na simu janja katika mitandao ya kijamii. Mifumo iliyoelezwa hapo juu haiko hivyo. Kwa kawaida hujengwa juu ya mambo matano.

Kwanza, kifaa ni mali ya gereza na hakitoki katika eneo lake. Pili, hufunguka tovuti zilizoorodheshwa tu, na nyingine zote hufungwa. Huu ni utaratibu ulio kinyume cha ule wa nje, ambako kila kitu huwa wazi isipokuwa kilichozuiwa. Tatu, sehemu za kutuma ujumbe, kutoa maoni au kupakia picha huondolewa, isipokuwa kwa watu walioidhinishwa. Nne, kila matumizi huacha kumbukumbu inayoweza kukaguliwa. Tano, pale ambapo mtandao ni hafifu au hatari ni kubwa, taarifa hunakiliwa kwenye seva ya ndani, na mfungwa husoma nakala hiyo bila kuunganishwa na nje kabisa.

Njia hii ya tano inafaa kuangaliwa kwa makini katika nchi ambazo bajeti ni ndogo. Maktaba ya sheria, hukumu na vitabu vya masomo inaweza kukaa kwenye kompyuta moja isiyo na intaneti na kuhuishwa kila baada ya muda. Haimpi mfungwa nafasi ya kumpigia shahidi, lakini inampa nafasi ya kusoma kifungu alichotiwa nacho hatiani kabla siku 45 hazijakwisha.

Kumbukumbu za matumizi nazo zina mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka misingi ya namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kutunzwa. Ndugu anayejiandikisha ili azungumze na mfungwa kwa video hutoa jina, namba na sura yake. Anastahili kujua taarifa hizo zinatumika kwa lengo gani.

Mambo ya kuzingatia kwa wananchi

Wenye ndugu magerezani wanapaswa kufahamu kwamba mfungwa anayetaka kukata rufaa hahitaji simu ili kuianza. Sheria inamruhusu kukabidhi hati yake ya rufaa kwa mkuu wa gereza, ambaye anawajibika kuipeleka mahakamani. Ndugu anaweza kusaidia kwa kufuatilia nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi mahakamani, na kwa kupeleka nakala za sheria au hukumu kwa utaratibu wa gereza. Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada wa kisheria kuwafikia watu walio vizuizini. Huduma hiyo hutolewa kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Ndugu hatakiwi kamwe kuingiza simu, laini au kifaa cha kuhifadhi data gerezani, hata kwa nia njema. Anayefanya hivyo anajiweka mwenyewe katika hatari ya kushtakiwa na kumwongezea matatizo aliyetaka kumsaidia. Kwa kuwa laini zote husajiliwa kwa alama za vidole, laini itakayokutwa katika uhalifu humrudia aliyeisajili. Mwananchi anaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Anayepigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa ndugu aliye gerezani, au mtumishi wa gereza anayeomba fedha za "kumaliza kesi", asitume chochote. Afike au apige simu katika ofisi ya gereza husika kupata uhakika. Namba za matapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na vitisho kwa shahidi au kwa mtu aliyetendewa kosa huripotiwa polisi bila kuchelewa.

Ukuta wa gereza umejengwa kumzuia mtu kutoka. Haukujengwa kuizuia sheria kuingia. Wakati sheria zilipokuwa katika vitabu, vitabu viliruhusiwa kupita langoni baada ya kukaguliwa na askari. Kwa kuwa sasa zimo kwenye mtandao, kinachohitajika ni kanuni zinazoeleza kipi kinapita, kwa nani, kwa uangalizi gani na kwa gharama ya nani. Kwa mtu aliyehukumiwa jana, siku 10 zake zimekwisha kuanza kuhesabika.